Rolakosta ya mbao kando ya bahari: boriti zetu zinatosha?

"Assalaam aleikum, mhandisi. Familia yetu ina bustani ya burudani ya ekari kumi na mbili upande wa Mambrui, kaskazini ya Malindi, karibu na ufuo. Tuna bembea, merigoraundi, treni ndogo ya watoto na bwawa la kuogelea. Sikukuu za Idi na mwezi wa Desemba panajaa, miezi mingine ni kilio. Nataka tujenge rolakosta yetu ya kwanza, ile treni ya burudani inayopanda na kuteremka vilima vya reli, kubwa, ya mbao, yenye kimo cha mita 25. Mjomba wangu ni fundi wa majahazi Matondoni, Lamu. Anasema yeye na vijana wake wataisimamisha kwa boriti za mikoko na mbao za mvule, bila kuagiza kitu nje. Mwanangu anasema mbao ni mambo ya kale, tununue ya chuma. Mama yangu hataki kusikia lolote. Anasema mbao italiwa na mchwa na chumvi, na watoto wa watu watafia mikononi mwetu. Nani ana haki? Na nikiamua kujenga, naanzia wapi?"

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Nimelisoma swali lako mara tatu, na kila mara naona chini yake kuna hofu moja tu: je, mbao yaweza kuaminiwa na roho za watu, tena kando ya bahari? Nakujibu mapema usibaki na wasiwasi. Mbao yaweza, ila si zile mlizozitaja, na si kwa mtindo wa kujenga leo na kusahau kesho. Mama yako amekosea kuhusu mbao, lakini kuhusu mikono amepatia, na nitakueleza kwa nini. Nimekulia Lamu, nikicheza kati ya mataruma, yaani mbavu, ya majahazi yasiyokwisha kujengwa, na kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa miundo ya mbao: mapaa, madaraja ya miguu, magati. Kwa hiyo maneno ya mjomba wako siyachukulii kwa wepesi.

Tuanze na ubishi wako na mwanao. Watu wakisikia "rolakosta ya mbao" hudhani kila kitu pale ni mbao. Kinachoipa jina ni reli yake. Reli hiyo ni mbao bapa zilizolazwa moja juu ya nyingine, kwa kawaida saba au nane, zikapigiliwa misumari na kukazwa bolti mpaka zikawa kitu kimoja kinene. Juu yake na ubavuni hulazwa utepe wa chuma, na magurudumu hukanyaga chuma hicho. Miguu inayoibeba yaweza kuwa ya mbao au ya chuma. Cyclone ya Coney Island kule New York, iliyofunguliwa mwaka 1927, ina reli ya mbao juu ya fremu za chuma. Kila rolakosta ya mbao basi ni mbao na chuma vilivyofungwa pamoja, na pwani kwetu kinachoharibika kwanza ni pale vinapokutana.

Sasa fikiria treni yenyewe. Haina injini. Mnyororo huivuta mpaka kileleni, huiachia, na kuanzia hapo inaishi kwa uzito wake tu. Ikiteremka mita 25 hufika bondeni na mwendo wa karibu kilomita 80 kwa saa. Bonde likiwa limepindwa kwa nusu kipenyo cha mita 20, treni ya tani 5 hukanyaga reli kama tani 17 na ushee. Haidumu. Ni kwa muda wa kupumua pumzi moja, kisha imepita. Hapa mbao ina tabia ambayo wengi hawaijui: mzigo wa ghafla unaopita hubebeka vizuri zaidi kuliko mzigo huohuo ukikaa juu yake miaka. Ndiyo maana ukisimama chini ya rolakosta ya mbao utaona fremu zinatikisika treni ikipita, na wenyewe hawashtuki. Imesanifiwa itikisike. Ingekuwa imekazwa isisogee kabisa, nguvu yote ingeishia kwenye maungio, na maungio ndiyo dhaifu kuliko mbao zenyewe.

Halafu njoo kwenye kilele kidogo kinachofuata. Treni ikikipita kwa kasi hutaka kuendelea mbele na juu kama jiwe lililotupwa, na abiria huhisi makalio yameachana na kiti. Wanalipia hisia hiyo. Mmarekani John Miller ndiye aliyesajili mwaka 1919 hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya gurudumu linalopita chini ya reli, ili treni isiweze kuruka nje. Kabla yake vilima vilibidi viwe vya upole. Rolakosta ya mbao iliyo kongwe kuliko zote zilizobaki, Leap-the-Dips ya Pennsylvania, ya mwaka 1902, haina gurudumu hilo, na kimo chake ni mita 12 na nusu hivi. Tangu Miller, reli hukandamizwa bondeni na kuvutwa juu kileleni. Treni yako ikizunguka kila dakika tatu kwa saa nane, ni mizunguko 160 kwa siku. Kila mzunguko reli inasukumwa chini, inavutwa juu, inasukumwa kando kwenye kona.

Nataka mjomba wako alisikie hili hasa. Jahazi hushikwa na maji. Bahari hukandamiza mbao zake kuelekea ndani, pamba ya kalafati inayoziba nafasi kati ya mbao huvimba, na msumari hupata kusaidiwa. Kwenye reli hakuna wa kuusaidia. Msumari unaovutwa na kuachiwa mara 160 kwa siku, kidogo kidogo, hutoka. Hutauona ukitoka. Utauona siku umeinua kichwa.

Kuhusu boriti: sibishi kwamba mkoko ni mti mgumu. Nyumba za mawe za Lamu zimesimama karne nyingi juu ya boriti. Lakini ingia kwenye nyumba yoyote ya kale pale, upime chumba. Utakuta ni kirefu lakini upana wake haufiki mita tatu, kwa kuwa boriti ndiyo iliyokuwa inaamua. Hata nguzo, zilizo nene kuliko boriti katika daraja za mikoko, hazitakupa miguu iliyonyooka ya kufika mita 25, na kuunganisha miti ya duara isiyolingana kwa bolti ni kazi isiyo na uhakika. Tatizo kubwa zaidi ni la hesabu. Msanifu hupiga hesabu kwa mbao ambazo udhaifu wake unajulikana: zimepangwa kwa daraja, zimepimwa unyevu, zina karatasi. Boriti mbili za mkoko mmoja hazifanani. Fundi mwenye jicho huzijua kwa kuzigonga na kuzigeuza, na kwa paa la nyumba inatosha, lakini hakuna mhandisi wa kweli atakayetia sahihi juu ya mlio wa boriti. Tena, zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na kuikata kunahitaji kibali cha Shirika la Misitu. Mradi wa ukubwa huu ungemeza miti mingi mno ambayo samaki na kaa wanaihitaji kuliko sisi.

Mvule nao ni mti wa heshima. Mchwa hauupendi, maji hayaupati upesi. Lakini reli ya rolakosta huliwa. Kila mwaka sehemu yake hubomolewa na kulazwa upya, na mvule ni ghali, umepungua, na haufai kufanywa kitu cha kubadilishwa kila msimu. Wamarekani, wenye uzoefu mrefu kuliko wote katika kazi hii, hutumia msonobari na miti jamii yake, iliyotiwa dawa kwa mtungi wa shinikizo ili dawa iingie ndani badala ya kupakwa juu. Ni mbao nyepesi kufanyia kazi, hukubali bolti, hupinda kidogo bila kupasuka, na ikichoka huitolei machozi. Kenya tunapanda misonobari na mikaratusi, na viwanda vya kutia dawa vipo, maana nguzo za umeme zinatoka humo. Mbao zilizopangwa kwa daraja za nguvu ndizo za kutafuta kwa bidii, na huenda sehemu ya reli ikabidi iagizwe. Mvinje mnaojengea mabanda ya makuti, uacheni kwenye makuti.

Mama yako anaogopa chumvi na mchwa. Mwambie kwa adabu kwamba chumvi hailiwi na mbao wala haili mbao. Kinachoozesha mbao ni kuvu, na kuvu hutaka unyevu. Mbao ikikaa chini ya asilimia 20 ya unyevu kuvu hafanyi kazi. Basi vita yote ni kutoruhusu maji yakae: kichwa cha mbao kilichokatwa na kuachwa wazi, tundu la bolti, mbao mbili zilizobanana. Tundu likitobolewa baada ya dawa limefungua mlango ndani ya mbao isiyo na dawa, na lazima lipakwe tena hapo hapo. Mchwa dawa yake ya kwanza ni mbao isiguse udongo kabisa: msingi wa zege uliopanda juu ya ardhi, kiatu cha chuma, halafu mguu wa mbao, na mtu wa kuangalia kila wiki kama kuna njia ya udongo inayopanda.

Chuma ndicho cha kuogopewa. Niliitwa miaka kadhaa nyuma kwenye hoteli moja ya pwani, sitaitaja, ambako jukwaa la mbao la ghorofa lilikuwa limeanza kulegea. Mbao zilikuwa nzuri kama siku zilipoletwa. Tulipozitoa bolti, katikati zimekuwa nyembamba kama penseli, ilhali vichwa nje viking'aa kwa rangi. Aliyejenga alitumia bolti za dukani za kawaida kwenye mbao zilizotiwa dawa yenye shaba, na shaba pamoja na hewa ya chumvi hula chuma kisicho na kinga. Mpaka leo nikipanda jukwaa lolote la mbao natazama bolti kwanza. Kwa bustani yako usikubali chochote isipokuwa chuma cha pua au bolti zilizochovywa kwenye zinki ya moto kwa unene unaostahili, na hata hizo zitolewe chache kila mwaka, zikaguliwe katikati. Na mwanao ajue kwamba rolakosta ya chuma kando ya bahari haimtoi kwenye tatizo hili. Inampeleka ndani yake zaidi.

Kuna kosa jingine, la kutaka kubwa kupita kiasi. Marekani mwaka 2000 bustani ya Kings Island ilifungua rolakosta ya mbao ya mita 66, Son of Beast. Haikuwa kuukuu, na wenyewe hawakuwa maskini. Mwaka 2006 mbao ya muundo ilipasuka, reli ikabonyea, treni ikapita juu yake na watu 27 wakaumia. Ilifungwa 2009, ikabomolewa 2012. Linganisha na Holiday World, bustani ya familia katika mji mdogo wa Indiana, iliyofungua The Raven mwaka 1995 ikiwa na kimo cha mita 24 hivi, karibu sawa na ndoto yako. Waliongeza nyingine 2000, na nyingine 2006. Kwa hiyo mita 25 zenyewe si wazimu, na bustani ndogo imeshaweza. Lakini waliagiza usanifu kwa kampuni iliyokuwa ikiishi kwa kazi hiyo, na wana watu wa kuitunza mwaka mzima.

Sasa mikono, pale mama yako alipopatia. Kila asubuhi kabla ya geti kufunguliwa, lazima mtu aitembee reli yote kwa miguu, mwanzo hadi mwisho, na nyundo na spana. Anaangalia misumari iliyoinua kichwa, utepe wa chuma uliopasuka, nati iliyolegea. Halafu treni huzungushwa tupu, na yeye husimama chini kusikiliza. Reli ya mbao husema kabla ya kuvunjika, kwa anayejua lugha yake. Hapa ndugu yangu naona nafasi ya mjomba wako, na naiona kubwa. Mtu aliyesikiliza mbao maisha yake yote, anayeweza kupinda ubao ufuate umbo bila kuuvunja, anayejua mti unavyotanua kwa upana wakati wa masika lakini kwa urefu hautanui, ndiye fundi ambaye kampuni za ughaibuni hutumia miaka kumfundisha. Mwache asisanifu. Mpe ramani iliyotiwa sahihi, mpe miezi ya kufanya kazi na mafundi waliowahi kulaza reli, kisha umkabidhi usalama wa kila siku na mamlaka ya kusema "leo haifunguliwi", hata iwe Idi mosi na foleni imefika barabarani. Kama huwezi kumpa mamlaka hayo kwa maandishi, usijenge.

Uzito mwingine ni wa majira. Miezi yenu mitupu, Aprili hadi Juni, ndiyo ya masika, na ndiyo pekee mtakayoweza kufunga na kulaza reli upya. Mbao zitakuwa zimevimba. Mtahitaji banda kubwa la kukausha na kuandaa vipande, vikitoka ndani vipite moja kwa moja kwenye bolti. Kusi nao ukivuma kwa nguvu humpunguzia mwendo treni anayekwenda dhidi yake, na treni isiyo na abiria wa kutosha yaweza kukwama bondeni. Si hatari yenyewe, ila lazima uwe na njia ya kuwateremsha watu, ngazi na kijia kando ya reli, na wafanyakazi waliofanya mazoezi hayo.

Ukinipa nichague kwa niaba yako, nisingeanza na mita 25. Quassy, bustani ndogo kando ya ziwa huko Connecticut, ilijenga rolakosta yake ya kwanza ya mbao mwaka 2011 kwa kimo cha mita 11 hivi tu. Mtoto wa shule anapanda na baba yake. Kwa kimo hicho nguvu ni ndogo, mbao ni chache, na watu wako wanajifunza kwa kitu kinachosamehe. Njia nyingine ni kununua iliyotumika: Knoebels ya Pennsylvania ilifungua Phoenix mwaka 1985, nayo ilikuwa rolakosta ya mwaka 1947 iliyovunjwa kipande kwa kipande huko San Antonio, Texas. Ni hadithi nzuri na inavutia, lakini kwa kontena hadi Mombasa kisha barabara hadi Mambrui, mbao kuukuu hazilipi nauli. Treni na mashine za mnyororo labda. Knoebels hao hao, wenye mafundi wao wa nyumbani, walianza rolakosta nyingine ya mtindo wa zamani 2006 na abiria wakapanda 2013. Magurudumu yaliwatesa. Kama wao miaka saba, wewe usimwahidi mtu yeyote tarehe. Ya chuma, ndogo, ya kununua tayari, ni chaguo halali kabisa ikiwa huna moyo wa kulipa mafundi kila asubuhi kwa miaka thelathini. Hakuna aibu ndani yake. Kubwa mpya ya mbao ni hesabu ya mamilioni ya dola, na sehemu ya hesabu hiyo haina mwisho.

Maandishi haya yasiwe ramani yako. Kabla ya kuchimba hata shimo moja, mwite mtaalamu wa udongo aje na mashine yake, kwa kuwa ekari zenu ziko karibu na mdomo wa mto Sabaki na mchanga wa pale haufanani kutoka kona hadi kona. Mtafute mhandisi wa miundo aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, akae meza moja na kampuni ya nje inayosanifu kwa viwango vya kimataifa vya mitambo ya burudani. Tathmini ya mazingira ni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, kibali cha ujenzi ni cha kaunti ya Kilifi, mradi usajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na mitambo na mahali pa kazi vinaingia chini ya sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007. Ulizeni pia Mamlaka ya Usafiri wa Ndege kuhusu kimo, maana uwanja wa Malindi hauko mbali. Bima itafuteni mapema sana. Kampuni ya bima ikikataa, muulize sababu kwa maandishi na umpe mhandisi wako.

Wakati hayo yakisubiri, kuna jambo la bei ndogo unaloweza kulifanya wiki hii na mjomba wako. Chukueni vipande vya msonobari uliotiwa dawa, vya mvule na vya mkaratusi, kila aina kumi na viwili. Viungeni viwili viwili kwa bolti za aina tatu: za dukani, za zinki ya moto, za chuma cha pua. Vingine vipakeni dawa kwenye matundu, vingine viacheni. Andikeni namba, vitundikeni kwenye ua unaotazama bahari, mahali kusi inapopiga, na viacheni masika moja na kusi nzima. Mwezi wa Oktoba vifungueni mbele ya mama yako na mwanao, mtazame katikati ya kila bolti. Nipigie picha unitumie, na umwache mjomba aseme mwenyewe alichokiona.